Wauzaji wa paka wa Kiajemi, acheni kudanganya watu kuhusu manyoya!

Wakuu, nina hasira na nitasema wazi. Mdogo wangu aliuziwa paka wawili wa Kiajemi hapa Dar, kwa laki kadhaa, na muuzaji akamhakikishia kwamba hawa hawanyonyoki, labda kidogo tu wakati wa msimu. Tunaishi naye nyumba moja. Njooni muuone huo msimu.

Ukiwasha feni, manyoya yanaruka. Yamo kwenye chandarua, kwenye foronya, kwenye bakuli la mboga lililofunuliwa sasa hivi. Baibui la mama halivaliki mpaka libanduliwe manyoya kwa selotepu pale mlangoni. Sisi ni watu wa madhehebu ya Imam Shafii, tumefundishwa kwamba manyoya machache ya paka yanasamehewa kwenye swala. Haya si machache! Mama wa watu anakung'uta mswala kila adhana. Ufagio ndio kabisa, unayarusha yakatue kwingine. (Kwenye sofa pitisheni glovu ya mpira iliyoloweshwa maji, yanajikusanya.)

Tukamrudia muuzaji, akajibu: "Vumilieni, ni msimu." Msimu gani? Ulaya paka hubadili manyoya baridi inapoisha na inapokaribia, kwa sababu mwili wake hufuata urefu wa mchana. Dar mchana wa Juni na wa Desemba haupishani hata saa moja, na usiku taa zinawaka mpaka saa sita. Huyu atanyonyoka mwaka mzima, na anayezalisha paka kwa biashara analijua hilo vizuri sana.

Na tafadhali, asije mtu hapa akaniambia "mnyoeni". Mwanangu ana pumu. Kinachomchokoza ni protini inayoitwa Fel d 1, iliyomo kwenye mate na ngozi ya paka. Paka akijilamba anaipaka mwili mzima, ikikauka inaelea hewani. Mnyoe, mate yatabaki palepale. Hata wale paka wasio na manyoya wanayo. Lakini muuzaji hakuuliza kama nyumbani kuna mwenye pumu. Swali moja tu lilimshinda!

Paka wenyewe nao wanateswa. Manyoya marefu yasipochanwa kila siku yanasokotana mabonge, yanavuta ngozi, na yale anayoyameza akijilamba anayatapika. Mtu akichoka anamtia kwenye kiroba, anaenda kumtupa sokoni usiku, mnyama ambaye hajawahi kukamata hata mjusi. Wetu hawatupwi, mtoto tumemhamishia chumba ambacho hawaingii.

Muuzaji, kabla hujapokea hela mwambie mnunuzi: kuchana kila siku, manyoya Januari hadi Desemba, na kama ndani kuna mgonjwa wa kifua, usimuuzie. Kama na wewe uliuziwa kwa maneno ya "hawanyonyoki", andika hapa uliambiwa nini, ili anayetaka kununua wiki hii asome kwanza.