Fidla inapanda, tarumbeta zinashuka: asubuhi ya baridi tufuate ipi?

Mwanakwaya, Uyole:
Ndugu zangu, salamu kutoka Mbeya. Ninapiga fidla yenye nyuzi za chuma katika kwaya inayoimba pamoja na tarumbeta. Kuanzia Juni hadi Agosti, fidla niliyoirekebisha nyumbani penye joto huwa imepanda sauti nifikapo kanisani, ilhali tarumbeta zimeshuka. Siku nyingine kigingi kimoja, kile kijiti cha kukazia uzi, huteleza na uzi ukalegea kabisa. Je, nilegeze nyuzi niwafuate wenzangu, au wao ndio wapande?

Mwalimu wa fizikia, Njombe:
Ndugu yangu, usilegeze kitu kwanza. Sauti ya uzi huamuliwa na urefu, uzito na mkazo wake, kanuni ambayo Marin Mersenne aliichapisha mwaka 1636. Urefu, takriban sentimita 33 kutoka darajani, kile kibao kinachoinua nyuzi, hadi mwisho wa shingo, haubadiliki. Kinachobadilika ni mkazo, kwa kuwa chuma kikipoa hutaka kusinyaa na kwa sababu kimefungwa pande zote mbili, kinakaza. Tarumbeta nayo hutegemea hewa iliyo ndani yake, na katika hewa ya sentigredi 22 sauti husafiri mita 344 hivi kwa sekunde, lakini katika sentigredi 10 ni mita 337. Hivyo tarumbeta iliyotoa mitetemo 440 kwa sekunde itatoa karibu 431 kabla haijapashwa joto na pumzi. Pengo hilo ni kubwa mno kulivumilia ibadani! Wapigaji wapulize kwanza hadi shaba ipate joto, ndipo mrekebishane.

Fundi wa ala, Iringa:
Mwalimu amesema kweli, ila kigingi kina sababu nyingine: kiangazi hukausha mti, kigingi kikapungua unene. Kitoe, ukipake chaki kidogo panapogusana na tundu, kisha ukizungushe huku ukikisukuma ndani. Mafuta usiyatie kamwe. Unapolinganisha uzi wa A, yaani ule wa mitetemo 440, na sauti ya wenzako, sikiliza sauti inavyovimba na kunywea: ukiwa 437 dhidi ya 440, utasikia mivimbo mitatu kila sekunde, nayo hupungua kasi kadiri unavyokaribia, hadi inatoweka. Uzi wa E, ulio mwembamba kuliko zote, uufikishe 660, yaani uwiano wa 3 kwa 2 na uzi wa A.

Mpiga kinanda, Tukuyu:
Kaka, kama mna kinanda cha umeme, wote mkifuate hicho, kwani baridi haikibadilishi sauti.