Kutoa mafindofindo ukubwani: nusu kaputi au ganzi?

Mikindani88: Habari zenu wakuu. Mdogo wangu, miaka 29, kapangiwa kutolewa mafindofindo Lindi mjini, saa 2 asubuhi. Anaogopa nusu kaputi. Ngiri alifanyiwa kwa sindano ya mgongo, yuko macho. Kwa nini na hii isiwe hivyo?

Mlaza_Watu: Sindano ya mgongo ni ya kuanzia kifuani kwenda chini. Ikipanda mpaka shingoni, pumzi inakata. Ganzi ya kuchoma pembeni mwa findo ipo: lidokeini yenye adrenalini, isizidi miligramu 7 kwa kilo. Ila nyuma ya findo unapita mshipa mkubwa wa damu uendao kichwani. Ganzi ikiingia humo, hata kidogo tu, ni degedege. Tena koo likiguswa mtu anataka kutapika, huku damu inateremkia njia ya hewa. Kwa mtu mwenye woga, msithubutu.

Nusu kaputi ndiyo njia yake: propofoli (dawa ya kulaza) kama miligramu 2 kwa kilo, dawa ya kulegeza misuli, kisha mpira wa hewa wenye puto unaingizwa kwenye njia ya hewa, unalazwa katikati ya mdomo wa chini. Msumbufu ni kile chuma cha kupanulia kinywa. Kikikazwa huweza kuuminya mpira, kwa hiyo kifua kisikilizwe upya kila kinaposogezwa. Meno yanayocheza ayataje mapema.

Sista wa Thieta: Kaka, umeruka mwisho wake. Kabla mpira haujatolewa, lazima kufyonza nyuma ya kimio. Bonge la damu hujificha pale, na likidondoka baadaye linaziba hewa. Gozi (kitambaa cha kunyonya damu) ya kooni nayo itolewe na ihesabiwe. Alale ubavu, kichwa chini kidogo, mpira utoke akishafumbua macho na kuitikia.

Mikindani88: Asante dada. Na kula je? Akitoka arudi nyumbani Liwale lini?

Sista wa Thieta: Chakula mwisho saa 8 usiku, maji matupu saa 12 asubuhi. Chai ya maziwa ni chakula, wengi huahirishiwa kwa hiyo. Parasetamoli gramu 1 kila baada ya masaa 6, asisubiri iume; kwa mtu mzima maumivu hufika wiki mbili.

Liwale asiwahi. Damu huweza kutoka ndani ya masaa 24, au siku ya 5 hadi ya 10 utando mweupe wa kidonda unapobanduka. Mkimwona anamezameza usingizini, mulikeni koo.

Mlaza_Watu: Na ikitoka, msimpe chochote mdomoni, mkimbizeni. Nusu kaputi ya pili, ya kuzuia damu, ni ngumu kuliko wa kwanza: tumbo limejaa damu aliyomeza.