Kuiuzia kaunti nyumba kwa awamu: naomba ushauri kabla sijakabidhi funguo

Mwana wa Likoni: Assalamu alaykum. Marehemu baba alituachia nyumba ya vyumba sita huku Likoni, na idara moja ya kaunti inataka kuinunua iwe zahanati. Tumekubaliana shilingi milioni 9, zilipwe kwa awamu 3, moja kila mwaka wa fedha, ilhali funguo wanazitaka mwezi ujao. Mkononi nina barua ya ukurasa mmoja yenye muhuri wa zambarau, na saini pekee iliyopo ni ya karani aliyeileta. Ndugu zangu wawili wanaona yatosha, kwa kuwa serikali haihami mji. Mimi sijatulia.

Karani Mstaafu: Ndugu yangu, hiyo barua si mkataba. Sheria ya ununuzi wa umma ya 2015, kifungu cha 135, inasema hakuna mkataba mpaka pande zote mbili zitie saini hati ya maandishi, na kifungu cha 53 kinakataza ununuzi kuanza kabla ya fedha za kutosha kutengwa katika bajeti. Omba uoneshwe ukurasa wenyewe wa bajeti iliyopitishwa na bunge la kaunti, usiridhike na maneno ya mdomo. Mwaka wa fedha hufungwa tarehe 30 Juni, na fungu lisilotumika hufa nao, kwa hiyo milioni 6 kati ya hizo 9 unazihesabu kutoka bajeti ambazo hazijasomwa.

Mjukuu wa Majengo: Hujasema kama ardhi nayo ni yenu. Hapa Mombasa wengi tuna nyumba bila ardhi, tunamlipa mwenye kiwanja kodi, na huwezi kuuza usichomiliki.

Mwana wa Likoni: Ardhi ni yetu, ila hati ingali na jina la marehemu.

Mjukuu wa Majengo: Kumbe! Basi tangulizeni mirathi katika Mahakama ya Kadhi. Kabla ya hapo hakuna mwenye mamlaka ya kuuza, si wewe wala hao wawili.

Bi Mwanasheria: Naongezea kuhusu funguo, maana hapo ndipo watu huumia. Kwa kifungu cha 39 cha Sheria ya Ardhi ya 2012, mnunuzi akishaingia, muuzaji anayetaka kuufuta mkataba kwa sababu mnunuzi ameukiuka hana budi kuirudisha mali mikononi mwake kwa amani au kwa amri ya mahakama. Hebu fikiria unakwenda kuidai nyumba huku barazani kuna foleni ya kina mama na watoto wanaosubiri chanjo. Funguo zitoke baada ya awamu ya mwisho. Ikishindikana, wapangishe kwa mkataba wa kando, kodi isihesabiwe ndani ya bei. Hati ikae kwa wakili, na fomu za uhamisho zisitiwe saini hadi shilingi ya mwisho ilipwe.

Mwana wa Likoni: Ahsanteni. Nimewaandikia leo kwamba funguo hazitoki mwezi ujao, na kesho asubuhi navuka feri na cheti cha kifo kwenda kwa Kadhi.