Malezi ya kambo Mbeya: tuanzie kituo cha watoto au ustawi wa jamii?

MamaUyole: Wakuu, habari. Mimi na mume wangu tunataka kulea mtoto asiye na wazazi. Kituo kimoja cha watoto kimetuambia tuandike barua kwao tu, kisha twende kuchagua. Ndivyo ilivyo? Na jina la ukoo tunaweza kumpa letu?

Mzee_Isyesye: Hapana dada, kituo hakina mamlaka ya kugawa mtoto. Anzeni kwa ofisa ustawi wa jamii wa halmashauri. Barua huelekezwa kwa Kamishna wa Ustawi wa Jamii, ila hupitia kwa ofisa huyo. Sheria ya Mtoto ya 2009 inataka mlezi mwenye mwenendo mwema, aliyevuka miaka 21. Andaeni barua ya serikali ya mtaa, vitambulisho, cheti cha ndoa na picha. Ofisa akija nyumbani baba naye awepo. Hakagui masofa huyo; anataka kujua mtoto atalala wapi na nani.

Mkisema mnataka "binti mkubwa mkubwa anayejiweza", mmejiharibia: ataona mnatafuta msichana wa kazi. Iringa na Njombe ndiko mabinti wa kazi za ndani wanakochukuliwa, na ofisa analijua hilo.

Bibi wa Igurusi: Jina msiguse. Malezi ya kambo (kulea mtoto kwa muda) si kuasili (kumfanya wenu kisheria): ndugu wanaofaa wakipatikana, mtoto anaweza kurudi kwao. Jina na urithi huja na kuasili, nako ni kwa amri ya Mahakama Kuu. Mwombaji awe na miaka 25 au zaidi na amzidi mtoto kwa angalau miaka 21.

Siku ya kumchukua msiridhike na mfuko wa nguo. Daini kadi ya kliniki, cheti cha kuzaliwa na uhamisho wa shule. Kama anatumia ARV (dawa za VVU), daini kadi ya CTC, yaani kliniki ya VVU, na dawa za kumfikisha hadi apokelewe kliniki ya huko kwenu. Mtoto wa joto la Usangu akifika kwenye baridi ya Uyole mwezi Julai bila sweta na blanketi zito, hatalala.

Akikojoa kitandani, tandikeni nailoni juu ya godoro, basi. Akificha maandazi chini ya mto msimkaripie. Mwekeeni bakuli lake la chakula lisilogombaniwa na mtu. Akiona halikauki, ataacha mwenyewe.

MamaUyole: Asanteni sana. Na tukiokota mtoto aliyetupwa?

Mzee_Isyesye: Dawati la jinsia na watoto polisi, au pigeni 116, siku hiyohiyo. Msikae naye kimyakimya mkingoja barua ijibiwe.