Mnaosomeana vitabu na mnaowapenda, tupeane uzoefu

Mke wa Dereva
Habari zenu wapendwa. Mume wangu anaendesha lori, Dar hadi Tunduma, akivuka Nakonde anaendelea Zambia. Foleni ya mpakani ikikaza analala humo humo kwenye gari. Zamani tukipigiana ni ada ya shule na kodi ya nyumba, yakiisha hayo kimya. Siku hizi nikitoka zamu namrekodia kurasa mbili tatu za riwaya ninayosoma, namtumia sauti. Akipata mtandao anasikiliza, halafu ananipigia tubishane: kwa nini yule binti amerudi kwa mume mlevi? Tunabishana mpaka salio linakata. Nasema kwa moyo mweupe, ndoa yangu haijawahi kuwa na raha kama hii. Wenzangu mnafanyaje?

Mzee wa Chumbageni
Hongera binti yangu. Mimi nimestaafu, nilikuwa karani wa forodha. Kazi ile ilinichosha sana ujanani, ila nilipata nguvu nilipojua kwamba Shaaban Robert naye alikuwa karani wa forodha, 1926 hadi 1944, na alitunga huku ameajiriwa. Nikaanza kununua vitabu vyake.

Macho ya mke wangu yalipoanza kusumbua, nikawa namsomea mashairi barazani baada ya magharibi. Nasoma, yeye ananikatiza: "Siyo hivyo, baba, hilo linaghaniwa." Kwao utenzi hawakuusoma kimya, waliuimba harusini na msibani. Basi akanifundisha mahadhi, mstari kwa mstari, nami mtu mzima natii. Alipotangulia, lile shairi la Amina, ambalo Shaaban alimlilia mkewe, sikuweza hata kulifungua. Sasa nalighani, kwa mahadhi yake yeye, na siku nikilighani vizuri nafurahi mpaka kesho yake.

Mlinzi, Nyali
Mimi nasoma lindoni usiku. Mke wangu hapendi kusomewa, ataka nimsimulie kwa kinywa changu. Kwa hiyo nasoma nikijua asubuhi kuna mtu aningoja na chai apate kujua kilichotokea.

Fundi Zege
Napingana kidogo. Mke wangu alinisomea nikasinzia, akanuna wiki nzima. Mtu ukishinda mjengoni unabeba zege, jioni kichwa hakipokei kitu. Msituone hatuna mapenzi. Tumekubaliana Jumapili mchana, baada ya kula, na hapo nasikiliza kweli.

Mama Iddi
Niko Muscat, kazi za ndani. Huku tuko mbele kwa saa moja, nikimaliza vyombo mwanangu kule nyumbani bado hajalala. Yeye ndiye anayenisomea, kitabu chake cha darasa la tatu. Akikwama kwenye neno simtajii, nasubiri. Alianza kwa kuunga silabi, sasa fisi ana sauti yake na sungura yake. Pesa natuma kila mwezi, wanashukuru. Lakini ni kwenye hizo dakika chache ndipo najiona mama.

Mke wa Dereva
Mama Iddi, umenitoa machozi. Kama mkoani kwenu kuna maktaba, waombe bibi zake wamwandikishe, abadilishe vitabu shule zikifunga. Na wewe mzee wangu, shikamoo. Mahadhi hayo yarekodi, wajukuu wayapate. Fundi, Jumapili inatosha kabisa, na mkeo asinune tena. Kuna anayesomeana na mzazi wake? Huyo namsubiri.