Kasino ya mtandaoni ikikataa kulipa, malalamiko yapelekwe kwa nani?

Furaha_Katindo
Wandugu, naomba maelezo ya uhakika. Hapa Goma vijana wengi wanacheza kasino za mtandaoni na kuweka pesa kwa M-Pesa au Airtel Money. Mtu akishinda anaambiwa akaunti yake "inachunguzwa", na wiki zinapita. Nasikia ng'ambo kuna vikundi vinavyotetea wachezaji bila malipo. Vina nguvu gani, na mtu wa huku aanzie wapi?

Yaya_Mapendo
Aanzie chini kabisa ya ukurasa wa kasino, kwenye maandishi madogo. Pale huandikwa kampuni, nchi na namba ya leseni. Jina la biashara lisimpoteze: jina moja linaweza kuwa na kampuni mbili, ya kwanza yenye leseni ya Uingereza kwa wachezaji wa Uingereza, ya pili yenye leseni ya Curaçao (kisiwa cha Karibea) kwa sisi wengine. Mchezaji wa Goma mkataba wake uko na hiyo ya pili, kwa hiyo sheria ya Uingereza haimkingi.

Kisha abonyeze muhuri wa leseni. Ukifungua ukurasa wa mamlaka yenyewe, vizuri. Ukiwa ni picha tu isiyokwenda popote, aondoke. Malta ina orodha ya wazi ya wenye leseni kwenye tovuti ya MGA, mamlaka yake ya michezo ya kubahatisha, na jina la kampuni linatafutwa humo. Curaçao ndiyo yenye mtego. Zamani kulikuwa na leseni kuu 4, na wenye nazo walikuwa wakigawa leseni ndogo kwa kasino nyingi mno. Namba 8048/JAZ, ya kampuni ya Antillephone, ndiyo iliyoonekana kila mahali. Sheria mpya, LOK, ilianza kutumika tarehe 24 Desemba 2024. Sasa kila kampuni huomba leseni kwa mamlaka moja kwa moja, na inapaswa kumpa mchezaji njia ya kumfikia msuluhishi huru. Kasino ambayo hadi leo inaonyesha 8048/JAZ peke yake haifai kuwekewa hata dola moja.

Himbi_Mhasibu
Tuongeze kuhusu vikundi vyenyewe, maana watu wanavichanganya.

eCOGRA (London, tangu 2003) na IBAS ni wasuluhishi rasmi. Hupokea kesi za kampuni zilizojiandikisha kwao tu. Kwa leseni ya Uingereza, kasino hupewa wiki 8 kujibu kabla kesi haijafika kwa msuluhishi, na mamlaka ya Uingereza ya michezo ya kubahatisha haiamui kesi ya mtu mmojammoja.

Casino Guru na AskGamblers ni wapatanishi, na hupokea mchezaji wa nchi yoyote. Hawana uwezo wa kisheria. Nguvu yao ni daraja wanaloipa kasino, na kasino hujali daraja hilo kwa kuwa wachezaji hulisoma kabla ya kujiandikisha. Ni haki kusema pia kwamba tovuti hizi huishi kwa kamisheni kutoka kwa kasino. Kwa hiyo, badala ya kutazama nyota, afadhali kusoma kesi zilizokwisha: nani alilipwa, kwa sababu gani.

Faili ndiyo inayoshinda kesi. Iwe na namba za miamala zilizo kwenye ujumbe wa simu, historia ya michezo (ipakuliwe mapema, akaunti ikifungwa haipatikani), mazungumzo yote na kasino, na masharti kama yalivyokuwa siku ya kuweka pesa. Kasino ikibadilisha masharti, nakala ya zamani mara nyingi ipo web.archive.org. Kwanza aiandikie kasino barua pepe na kuipa siku 14. Isipojibu, apeleke kesi kwa mpatanishi mmoja, si watatu kwa pamoja.

Neema_Birere
Kesi nyingi za kwetu zinafia kwenye majina. Karte ya uchaguzi ina majina matatu, fomu ya kasino ina nafasi mbili. Mtu anaacha jina la pili, au anatanguliza la ubatizo, halafu namba ya simu imeandikishwa kwa jina la kaka yake. Kasino inaita hiyo "pesa ya mtu mwingine", na masharti yanairuhusu kukataa. Namba iwe ya mchezaji mwenyewe, na majina yote yaandikwe kama yalivyo kwenye karte.

Kuthibitisha makao ni tabu nyingine: mita ya kulipia kabla haitoi fakture ya kila mwezi. Achukue cheti cha makao kwenye kartye au komini, chenye tarehe na muhuri.

Tena, huku mpakani wengi wana laini ya Rwanda. Ukiingia nayo, kasino inaona uko Rwanda wakati akaunti inasema Kongo. Ukitumia VPN (programu ya kuficha uko wapi) ni mbaya zaidi, hata mpatanishi atakukatalia.

Na bonasi! Dola 20 zenye sharti la kuzichezea mara 35 kabla ya kutoa pesa ni madau ya dola 700. Kwenye mashine inayorudisha asilimia 96, hasara ya wastani ni dola 28, imezidi bonasi yenyewe. Dau moja la dola 6 pale kikomo cha dau ni dola 5 laweza kufuta ushindi wote.

Furaha_Katindo
Aksanti sana. Na wale wa Telegram wanaosema lipa dola 50 za "kodi" pesa zifunguliwe?

Yaya_Mapendo
Asilipe, ni wezi. Ada halali hukatwa kwenye ushindi wenyewe, na wapatanishi tuliowataja hawamtozi mchezaji.

Jambo moja zaidi: wakati ombi la kutoa pesa linasubiri, kasino nyingi huacha kitufe cha kulighairi kikiwa wazi. Asikiguse. Pesa ikirudi kwenye akaunti ikachezwa, hakuna msuluhishi atakayeirudisha. Akiona mkono unamvuta, aweke BetBlocker kwenye simu. Ni ya bure, na hufunga tovuti za kamari kwa muda anaouchagua mwenyewe. Ila faili aipakue kwanza, kwa sababu kasino hiyo nayo itafungwa.