Tupeane uzoefu: fimbo, rili na mshipi wa bei nafuu kwa anayevua kutoka ufukweni

Ndoano_Ggaba (mwanzisha mada)

Wakubwa shikamooni, wenzangu habari za ziwani. Swali la "nina laki mbili, ninunue fimbo gani?" linanijia faragha kila mara, na kila ninayemjibu anajibiwa peke yake. Tulimalize hapa mbele ya wote. Kila mmoja aseme anavua wapi, anavua samaki gani, alinunua nini, kipi kimedumu na kipi kimevunjika. Ombi moja tu: duka lolote tusilitaje kwa ubaya. Tukiseme kifaa chenyewe.

Nianze mimi. Sina boti. Navua kwa miguu upande wa Ggaba na Munyonyo, na ninayemtafuta ni sangara, mputa kwa Waganda, wale wa kilo mbili mpaka tano wanaosogea kwenye mawe jua likizama. Fimbo za bei nafuu zinazofika Kampala nyingi zimetengenezwa kwa ajili ya besi, yule samaki wa Marekani mwenye mdomo mpana. Mimi sijamwona kwenye maji yetu. Kwa majirani anajulikana Naivasha, Kenya, alikopandikizwa miaka ya 1920. Lakini fimbo yake inatufaa sana, kwa sababu mwenendo wa samaki hawa wawili unafanana. Wote huvizia kwenye mawe na magugu, hufungua mdomo ghafla na kufyonza chambo pamoja na maji, na wote wana meno mafupi yanayokwaruza mshipi badala ya kuukata.

Kwa hiyo futi 7, nguvu ya kati kuelekea nzito, na rili ya saizi 3000 au 4000. Juu kidogo ya mshikio wa fimbo pameandikwa uzito wa mshipi kwa ratili na uzito wa chambo kwa gramu. Pasome hapo kabla hujasoma jina la kampuni. Mimi natafuta mshipi wa ratili 10 hadi 20 na chambo cha gramu 10 hadi 30. Fimbo iliyoandikwa gramu 3 hadi 10 ni nzuri kwa ngege. Ukiirushia samaki bandia wa gramu 28 utaivunja wakati wa kurusha, samaki mwenyewe hata hajafika.

Msimamo wangu ni huu, na anayepinga apinge: ukiwa na laki mbili, pesa ya kwanza ni ya mshipi na breki ya rili, kile kifaa kinachoachia mshipi utoke samaki akivuta kwa nguvu. Fimbo ipate kinachobaki. Fimbo nzito ya fibaglasi itakuchosha mkono, lakini samaki utamtoa. Breki inayoshika na kuachia kwa mishtuko hukata hata mshipi mzuri, maana sangara akifika karibu na ufuko huruka juu na kutikisa kichwa, na pale ndipo wengi wetu tunampoteza.

Breki unaipima dukani kabla hujalipa. Mwombe muuzaji aweke mshipi kidogo kwenye rili. Kaza breki nusu, kisha vuta mshipi kwa mkono polepole, halafu kwa kasi. Utoke laini mwanzo hadi mwisho. Ukisikia unakwama, unaachia, unakwama tena, rudisha. Halafu zungusha mkono wa rili polepole kabisa huku umeisogeza sikioni. Ukisikia gia zinasaga, usikubali kuambiwa "italainika ukitumia."

Karibuni.

FundiRili_Jinja

Ahsante kaka, mada imefika wakati wake. Nafungua rili za watu hapa Jinja, kwa hiyo nimeona matumbo ya nyingi.

Idadi ya beringi isiwababaishe. Boksi limeandikwa 13+1, ndani unakuta nyingi ni nyepesi na zimewekwa mahali pasipo na kazi. Rili ya beringi tatu au nne zilizokaa vizuri huishi zaidi. Kwa bei ya chini, Shimano Sienna na zile ndogo za Daiwa nazipenda kwa sababu zinafunguka kwa urahisi na gia zake zimelingana. Rili zisizo na jina si zote mbaya, ila mbili za aina moja kutoka boksi moja zinaweza kutofautiana kabisa. Ndiyo maana kipimo cha hapo juu ni cha lazima.

Maji yetu ni baridi, hayana chumvi, kwa hiyo kutu si adui mkubwa kama wa wenzetu wa Mombasa. Kinachoua rili huku ni mchanga. Ukishusha samaki, usiilaze rili ufukweni. Na ile tabia ya kuichovya ziwani "kuisafisha" iachwe, maana maji ya ukingoni yamejaa mchanga laini unaoingia moja kwa moja kwenye gia. Futa kwa kitambaa chenye unyevu. Tone moja la mafuta ya cherehani kwenye kigurudumu kinachopitisha mshipi, jingine kwenye kiungo cha mkono, basi. Gia zinataka grisi, si mafuta mepesi.

Ukifika nyumbani legeza breki kabisa. Ndani kuna vishinikizo, kwenye rili za bei nafuu mara nyingi ni vya feliti. Vikikaa vimebanwa wiki nzima vinalala, na breki inaanza ule mshtuko unaosemwa.

Mama_Kasenyi

Mimi nazungumzia mtumba, maana wengi wanaogopa bila sababu. Fimbo yangu ni Ugly Stik niliyoikuta soko la Owino ikiwa imepotewa na pete moja, zile za kupitishia mshipi, mchanganyiko wa fibaglasi na kaboni. Nzito kidogo, lakini imeshaangukiwa na mtumbwi na bado inavua.

Nendeni na kijiti cha pamba ya masikio. Kipitisheni ndani ya kila pete, mkizungushe taratibu pande zote. Pete ikiwa na ufa usioonekana kwa jicho, nyuzi za pamba zitanasa hapo hapo. Ufa wa namna hiyo ukiuacha, utakula mshipi wako mpya kila ukirusha na utadhani mshipi ndio mbovu. Pete ya ncha iangaliwe zaidi kuliko zote. Ni rahisi kubadilisha: ipashe moto kidogo gundi ilegee, toa, gundisha nyingine.

Kisha unganisha vipande viwili vya fimbo, tikisa. Kama panagonga kwenye kiungo, acha. Mwisho pitisha ukucha kwenye urefu wote. Fimbo ya kaboni iliyogongwa hupasuka baadaye ikiwa imebeba samaki, na kidonda chake ni kidogo mno. Ya fibaglasi inavumilia.

Albert_Panyimur

Salaam ndugu zangu. Huku kwetu Ziwa Albert na Nile inakotokea, mambo ya besi yanafaa nusu. Kuna samaki aitwaye ngassa. Meno ya ngassa yanaingiliana, anakata mshipi wa kusukwa kama hakuna kitu. Mimi mbele naweka waya wa chuma wa shubiri moja, nyuma yake mshipi wa kusukwa wa ratili 30. Ukienda kwa sangara peke yake toa waya, weka nailoni nene ya ratili 60, inatosha. Si meno tu, vifuniko vya mashavu yake vina ncha kali, mshipi mwembamba ukigusa hapo umekwisha.

Na fimbo ya futi 7 huku ni fupi ukiwa kwenye kingo zenye matete. Futi 8 au 9 inapitisha mshipi juu ya matete. Tena usisimame ndani ya matete. Mamba na viboko wapo, na saa nzuri ya samaki ni saa yao pia.

Mshipi_Kwanza

Nimesubiri mtu afike kwenye mshipi.

Nailoni ya kawaida: rahisi, inanyumbuka, fundo lake linashika, na kule kunyumbuka kunamsaidia anayejifunza kwa sababu ndoano haichomoki samaki akitikisa kichwa. Ubaya wake jua linaichosha. Nailoni iliyoning'inia mlangoni mwa duka mchana kutwa usiinunue hata ukipewa nusu bei. Omba ya ndani ya boksi.

Mshipi wa kusukwa haunyumbuki, ni mwembamba, unarusha mbali. Kwenye kasha mara nyingi utaona namba mbili, 30 na 8: maana yake unabeba ratili 30 lakini unene wake ni wa nailoni ya ratili 8. Kwa anayevua kwenye magugu maji huu ndio wenyewe, unapita katikati ya mizizi pale ambapo nailoni ingenasa. Lakini ni ghali, kwa hiyo usijaze spuli (sehemu ya rili inayozungushiwa mshipi) nzima. Anza na nailoni ya zamani kujaza chini, kisha unganisha mita 100 au 120 za kusukwa juu. Hiyo nailoni ya chini ina kazi nyingine: mshipi wa kusukwa ukifungwa peke yake kwenye spuli laini huteleza, unazungusha rili na samaki hasogei.

Fluorokaboni inazama na haionekani sana majini. Kwa maji yetu ya kijani ya Viktoria sioni sababu ya kujaza rili nayo. Mita moja ya mbele, kama unayo, sawa.

Kuhusu zile rola za mita 500 zilizoandikwa ratili 80 kwa bei ya soda mbili: ipime. Funga mita mbili kwenye mizani ya kuning'iniza, ile ya wauza samaki, zungushia upande wa pili kwenye kipande cha mti, vuta. Niliyoipima mimi ilikatika mbali sana chini ya nusu ya ilichoandika. Ningeitumia bado kama ingeandikwa ukweli.

Kaka_Masese

Mbona hakuna anayesema rili za ngoma, zile zinazokaa juu ya fimbo? Wamarekani wanaovua besi wanazitumia sana.

FundiRili_Jinja

Wanazitumia kweli, na kwa chambo kizito karibu na magugu ni nzuri sana, zina nguvu ya kukokota. Tatizo ni bei. Ngoma inazunguka yenyewe wakati wa kurusha. Chambo kikipunguza mwendo nayo ikiendelea, mshipi unajivuruga wote. Rili nzuri ya aina hiyo ina breki nyingine ya sumaku ya kupunguza mwendo wa ngoma, nayo inasikia, ya bei ya chini hiyo breki ni ya jina tu, na chambo chepesi chini ya gramu 10 hakirushiki. Kaka, kwa laki mbili chukua rili ya kawaida ya saizi 3000. Ukipata zaidi, na mwenye nayo akakuachia ujifunze uwanjani bila ndoano, hapo sawa.

Kalangala_Kwetu

Mimi sina fimbo wala rili. Nailoni ya milimita 0.50 nimeizungushia chupa ya plastiki, chubwi, ndoano moja, samaki mdogo nkejje akiwa hai, nimemchoma mgongoni. Mputa ninao. Anayeanza na elfu kumi asikate tamaa.

Ndoano_Ggaba

Nakubaliana na wa Kalangala kabisa, na mshipi wa mkono unakufundisha kugundua samaki anavyogusa chambo kabla hajameza.

Nimeulizwa faragha breki ikazwe kiasi gani. Kanuni ninayofuata ni robo mpaka theluthi ya nguvu ya mshipi. Mshipi wa ratili 20 ni kama kilo 9, kwa hiyo breki iachie kwenye kilo 2 hadi 3. Huhitaji mizani. Jaza kidumu maji lita tatu, hiyo ni kilo tatu. Toa rili kwenye fimbo, funga mshipi kwenye mkono wa kidumu, inua kwa rili yenyewe. Kaza kidogo kidogo mpaka kidumu kinyanyuke kutoka chini huku mshipi bado unatoka polepole. Ishie hapo. Mkiwa ziwani msiikaze tena kwa hasira samaki akikimbia. Kama samaki ni mkubwa, tembeeni naye ufukweni.

Mwanafunzi_Mukono

Samahani wakubwa, kuna vibali? Nimeona wanajeshi wanachoma nyavu.

Mama_Kasenyi

Mwanangu, wale wanashughulika zaidi na nyavu na mitumbwi isiyoruhusiwa na samaki wachanga. Hata hivyo sheria ya ukubwa inakuhusu na wewe mwenye fimbo: sangara chini ya sentimita 50 anarudi majini. Chora alama ya sentimita 50 kwenye fimbo yako kwa rangi ya kucha, umpimie hapo hapo. Ufike kwanza kwa viongozi wa mwalo, uwasalimie, uwaeleze unavua kwa fimbo. Na ukienda Murchison au mbuga yoyote, kibali cha kuvua kinatoka UWA, mamlaka ya wanyamapori ya Uganda, usiingie bila hicho.

Mwanafunzi_Mukono

Ahsante mama. Na mshipi wa kusukwa nilioachiwa na kaka yangu, umepauka rangi, nitupe?

Mshipi_Kwanza

Usitupe. Kupauka rangi peke yake si ugonjwa. Pitisha vidole mita kumi za mwanzo: palipo na manyoya, kata. Kisha hamishia mshipi wote kwenye spuli nyingine, halafu urudishe ukiwa umegeuka, sehemu ya chini ambayo haikuwahi kuona jua iwe juu. Ukiurudisha ubane kwa kitambaa chenye maji ukae umekaza, na ujaze mpaka milimita mbili tatu chini ya ukingo wa spuli, usizidishe. Ukipungua sana hauruki mbali, ukizidi unatoka kwa mafungu. Fundo la kufungia ndoano liwe lile liitwalo Palomar, lilowanishe kwa mate kabla ya kulikaza. Ukishafanya hivyo tuambie hapa ulivulia wapi na ulipata nini.